Milango Niliyomshonea Mama

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nikiwa nimesimama. Viti vyote humu ndani vimepewa kazi ya kubeba maboksi, kasoro kimoja tu, na hicho kimoja nina sababu zangu za kutokikalia leo. Kwa hiyo nakuandikia juu ya meza ya pasi. Ukiona mistari imepinda usidhani nimeanza kuzeeka, ni meza inayotikisika. Hali yako? Na mgongo je, bado unaukanda kwa chupa ya maji ya moto, au hatimaye umemwonea huruma daktari ukaenda akakuangalia? Shemeji msalimie sana, mwambie koti lake limekwisha, limebaki vifungo. Wanao nao wasalimie, yule wa maswali na yule anayejibu asichoulizwa.

Sisi huku wazima. Mama mzima kabisa. Macho ni yale yale uliyoyaacha, yaani hayapo, ila ulimi unaona kuliko zamani. Jana amemwambia mwuza mkaa kwamba gunia la safari hii ni jepesi, na hakuligusa, alisikia tu jinsi lilivyotua.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Dada, mimi na wewe tumelelewa na mwanamke aliyekaa kwenye ubao wa simu wa hospitali maisha yake yote ya kazi, aliyekuwa akimtambua daktari kwa pumzi kabla hajasema halo. Mtu kama huyo utamficha nini kupitia ukuta wa mbao? Nikisema nikuandikie ujumbe, simu yako inakaa mikononi mwa watoto tangu wanaporudi shule mpaka wanapolala. Ujumbe wangu wa mwisho wa maana ulijibiwa kwa picha ya paka anayecheza. Hivyo barua hii anakuletea mtu mkononi, dada yake jirani yangu wa kibandani ninaposhonea, na nimemwapisha akukabidhi wewe mwenyewe kabla hujaanza safari ya kuja huku.

Nimeianza tangu asubuhi. Nimeandika jina lako, nikaenda kukunja mapazia. Nimerudi, nikaona nimeyakunja vibaya, nikayakunjua. Nimepeleka boksi la vyombo mlangoni, nikalirudisha jikoni. Kama ungekuwepo ungeniita kwa lile jina la utotoni, la kidude cha kuzungushwa kwa kamba, na kuniambia nitulie kabla sijaangusha kitu, na ungekuwa umechelewa, maana sahani ya maua imeshavunjika.

Najua jinsi mambo yalivyo na sina haja ya kukurudisha nyuma sana. Nyumba hii inabomolewa kupisha barabara. Alama nyekundu ipo ukutani, Mama huipitishia kidole kila akitoka, anasema rangi yenyewe ni ya bei rahisi. Fleti tumeipata. Na wewe ulisema, tena ulisema kwa sauti ambayo Mama aliisikia akiwa uani, kwamba kama hadi siku ya kuhama hawezi kutembea mwenyewe ndani ya hiyo fleti, unakuja kumchukua akakae kwako. Umeshakata tiketi ya kuja mtu mmoja na ya kurudi watu wawili. Sikulaumu. Ulikata kwa sababu ya niliyokwambia mimi.

Siku nilipompeleka kuiona, nilikuarifu kwamba hakuipenda. Sikukueleza vizuri. Alipiga paji la uso kwenye fremu ya mlango wa kwanza, akarudi nyuma, akapiga bega kwenye wa pili. Akaomba kiti. Wapangaji waliomo wakampa, akakaa katikati ya sebule na mkoba mapajani kama mtu anayengoja kuitwa zamu yake kliniki, akasema kwa upole kabisa kwamba atakaa hapo hapo hadi afe, haina maana kumsumbua mtu kumbeba kutoka kiti hadi kitanda. Hapa nyumbani unamjua. Anapiga ulimi, ta, ta, anasikiliza ukuta umemjibu nini, anapita. Anajua ubao upi unalia na msumari upi unang'ata. Mgeni anaweza kushinda hapa asijue kwamba mwenye nyumba haoni, mpaka ajaribu kumsaidia. Hapo ndipo atajua, kwa majibu atakayopata. Sasa mtu huyu nimwone amekaa kwenye kiti cha watu na mkoba mapajani? Nilitoka nje nikajifanya naangalia ngazi.

Wapangaji wale walisema hawatoki mpaka mwezi uishe, kwa hiyo kumzoesha mle ndani haikuwezekana. Lakini mimi futi yangu ya kupimia haitoki shingoni, hata kanisani imewahi kuniaibisha. Kabla hatujaondoka nilipima kila ukuta, kila mlango, kila dirisha, na umbali wa bomba kutoka ukutani. Mpangaji alinitazama kama naishonea nyumba gauni. Hakuwa mbali na ukweli, kama utakavyoona.

Wazo nililipata kibandani. Wateja wangu huja na watoto wao, na watoto huja na simu, wanakaa juu ya marobota ya vitambaa na vidude vya kusikilizia masikioni, wanatembea ndani ya majumba ya michezo. Niliona mmoja anakata kona, anafungua mlango, anapanda ngazi, na macho yake yanamwangalia mamaye anavyopimwa kiuno. Nikasema, kama huyu anaijua nyumba isiyokuwepo bila kuitazama, Mama atashindwaje kuijua iliyopo?

Nikaenda kwa jirani yangu wa kibanda cha pili, fundi wa simu na kompyuta. Sisi hapa mtaani tunamwita Bwana Washa-Zima, kwa sababu ugonjwa wowote utakaompelekea, dawa yake ya kwanza ni kuzima, kungoja kidogo, na kuwasha. Dawa ya pili ni kuirudia ya kwanza. Nikampa ile laptopu uliyoniachia, ambayo ukiiwasha unaweza kupiga pasi shati zima kabla haijaamka. Akaikoroga ndani, akafuta kila kitu, akaweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Alinieleza kwa kirefu kwamba ni ya bure, imetengenezwa na watu wa dunia nzima wasiowahi kuonana na wanaogombana kila siku, na kwamba inafufua mashine ambazo wengine wameshazizika. Nikamwambia basi hiyo imeniingia vizuri, ni kama ukoo wetu.

Kisha nikatafuta chombo cha kutengenezea michezo, nacho cha bure. Kulikuwa na duka la programu mle mle ndani ya Linux, nikakichukua huko, kumbe ni toleo la zamani, na masomo niliyokuwa nayasoma ni ya toleo jipya. Kila nilichoambiwa nibofye hakikuwepo. Nikakiondoa, nikaenda kukichukua kwa wenyewe. Kikaja kimefungashwa. Nikakifungua, ndani mna faili moja. Nikalibofya, kimya. Nikalibofya tena, kimya. Nikazima, nikawasha. Kimya. Bwana Washa-Zima alikuwa ameenda msibani, nikakaa nalo siku nzima nikidhani limekufa njiani. Kumbe kwenye Linux faili linaweza kuwa zima, limekamilika, halina kasoro hata moja, na lisiende popote mpaka lipewe ruhusa ya kukimbia na mwenye kompyuta. Unaingia kwenye sifa zake, unaweka alama ya tiki, basi. Nilipoweka likaamka papo hapo. Nilimfungia mtu ndani siku nzima na hakunung'unika hata mara moja.

Likaamka, lakini kioo kikawa cheusi, kwa kuwa laptopu yetu ni mkongwe na chombo kilitaka kuchora kwa mtindo wa kisasa. Dawa yake ni kukiita kwa jina kwenye dirisha la kuandikia amri, na baada ya jina unaongeza maneno ya kukiambia kichore kwa mtindo wa zamani. Hapo kikakubali. Nikaanza kujifunza mchana, wateja wanapokuwa wachache, mguu mmoja juu ya pedali ya cherehani ili akipita mtu aone nipo kazini.

Kazi yenyewe, Dada, si mbali na ya kwetu. Unachora vipande, unaviunganisha, unajaribisha, unafumua. Niliikata ile fleti kipande kwa kipande kutoka kwenye vipimo vyangu. Nikamtengenezea Mama mwili wa kutembelea, sanduku lisiloonekana, pana mabegani na jembamba kutoka kifuani hadi mgongoni, nililipima kutoka kwake mwenyewe wakati nikijidai nampimia blauzi. Picha sikuweka. Niliweka sauti tu: friji inayonguruma kulia, bomba kushoto, dirisha la barabarani mbele, na nyayo zinazobadilika ukitoka kwenye sakafu ya vigae ukaingia kwenye zulia. Kwenye kibodi nikamgundishia vifungo. Cha shati kwenye kwenda mbele, cha shati kwenye kurudi, vya suruali kwenye kugeuka kushoto na kulia, na vile vya mto, vilivyovikwa kitambaa, kwa ajili ya kupiga hatua ya ubavu.

Mara ya kwanza nilimvika vidude vya masikioni nimevigeuza, kulia kukawa kushoto. Akavivua, akavivaa sawasawa mwenyewe, akanikumbusha kwamba alianza kuvaa vitu vya aina hiyo mimi sijafikiriwa. Akatembea kidogo. Akasimama. Akasema bomba hilo ni la jikoni kwetu hapa hapa, anajua lilivyo na mafua, na mimi nikome kumdanganya. Ni kweli. Sauti nyingi nilizirekodi hapa nyumbani kwa kukosa za kule. Ikabidi nirudi kwa wale wapangaji nikawaombe ruhusa ya kurekodi bomba lao, na tangu siku ile wakiniona ngazini huingia ndani haraka.

Halafu akasema nyumba hiyo ni bubu. Kuta hazimjibu. Akataka ulimi wake. Chombo hakina kitu cha namna hiyo, lakini uzuri wake ni kwamba kinakubali kuongezewa: mtu yeyote anaweza kuandika kiongezi, akakiweka kwenye folda, kikawa sehemu ya chombo. Nikakuta mtandaoni mtu mmoja ametengeneza cha mwangwi wa mapango, amekiacha njiani. Nikakifumua, nikakishona upya: Mama akibonyeza kile kifungo kikubwa cha koti, ulimi wake unapiga ta, na ukuta ulio karibu unajibu karibu, ulio mbali unajibu mbali, na mlango ulio wazi haujibu kitu. Nilihangaika nacho mno kisifanye kazi, nikaandika upya, nikafuta, nikakosana na mteja mmoja aliyekuja kuulizia sketi yake. Kumbe nilikuwa nimekiweka kwenye folda lakini sijakiwekea tiki kwenye mipangilio. Mara ya pili hiyo. Sijui kwa nini vitu vya kompyuta haviwezi kuondoka bila kuagwa.

Ulimi ulipofanya kazi, Dada, ungemwona Mama. Aliinamisha kichwa vile anavyofanya. Akapiga, akangoja. Akapiga tena. Akatabasamu, akasema sasa hapa ni mahali.

Katika siku hizo hizo yule bibi wa mavazi ya jukwaani alipita tena kibandani. Unamfahamu, karakana yake si iko mji wenu? Aliuliza kama nimefikiria. Ni mara ya tatu ananiomba nije nishike chumba chake cha ushonaji, na kila mara jibu langu ni macho ya Mama. Safari hii alisema ataniwekea nafasi mpaka mwezi uishe, kisha atamchukua mwingine, na akaongeza kwamba haulizi kwa ubaya lakini angependa kujua Mama mwenyewe anasemaje. Nikamwambia Mama hajui habari hiyo na asiambiwe. Nikamshonea pindo lake, akaenda. Baadaye nikafagia kibanda ambacho nilikuwa nimeshakifagia.

Sasa nije kwenye lililokufanya ukate tiketi.

Mama alikuwa akikwama milangoni. Sebule aliimaliza vizuri, jikoni alikuwa akifika kwa sauti ya bomba, lakini kila mlango, chumbani, jikoni, bafuni, mwili wake uligota kama umeshikwa. Alipiga ulimi, akasikia uwazi, akaenda mbele, akakwama. Mimi nilikuwa nikikaa nyuma yake, na akikwama nilinyoosha mkono nikamvusha kwa kipanya. Akifika mlango mwingine, tena. Ukanipigia simu, ukauliza maendeleo. Nikasema kichwa kinashika lakini milango bado. Wiki iliyofuata ukauliza tena, nikajibu milango bado. Ukasema basi, unakuja kumchukua.

Dada, ile milango niliijua.

Nilijua tangu siku ile ya kwanza alipogota. Wewe hukuwahi kushona, nitakueleza. Ukikata kitambaa hukati kwenye kipimo kamili, unaacha ukingo kidogo kila upande ili mshono upate pa kushika. Mkono wangu umefanya hivyo miaka yote, hauniombi ushauri tena. Nilipozikata kuta za fleti, kila ukuta niliuachia ukingo wa mshono. Lakini kuta hazishonwi. Ule ukingo hauna pa kuingia, unabaki umejitokeza, na pale penye mlango ukuta wa huku umejitokeza na wa kule umejitokeza, mlango umebanwa pande zote mbili. Mama hakuwa na kosa lolote. Nilimshonea milango midogo.

Kurekebisha ni kazi unayoimaliza chai yako ikiwa bado ya moto. Sikurekebisha. Kila siku nilijiambia leo, na kila siku nikamvusha kwa mkono wangu, nikakwambia milango bado. Unaweza kuuliza nilitaka nini, kwa sababu sikutaka umchukue, na kwa njia hiyo nilikuwa nakupa wewe mwenyewe sababu ya kumchukua. Nami nimejiuliza huku nikizunguka na mapazia haya. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kama Mama anakwama, mimi nina kazi. Nina jibu la kumpa bibi wa jukwaani. Mimi ambaye tangu utoto sijawahi kukaa mahali pamoja, ambaye mnasema nina siafu kwenye viatu, nimekaa mtaa huu huu siku zote nikisema nimefungwa na macho ya mtu. Mlango wangu ulipotaka kufunguka niliogopa. Ndiyo hivyo tu, niliogopa, na ukingo wa mshono ukawa hapo umenisubiri.

Sasa sikia yaliyotokea juzi, ndiyo maana barua hii haiwezi kungoja.

Wale wapangaji walihama mapema. Nadhani walichoka kurekodiwa. Msimamizi wa jengo akaniletea ufunguo kibandani, nami nikaja nao nyumbani nimeufunga kwenye pindo la kanga, nikisema nitamwambia Mama kesho. Nilipoingia tu, Mama akauliza huo ni ufunguo wa wapi, unalia kama chuma kipya. Akachukua mkoba wake. Tukaenda.

Nilimfungulia mlango wa nje, nikamshika kiwiko. Akakitoa kiwiko chake taratibu kama mtu anayeutoa mkono wa mtoto kwenye sahani. Akapiga ulimi. Akaenda. Dada, alivuka sebule ile bila kugusa ukuta. Alifika mlango wa jikoni, nami nilijua anachotarajia pale. Mama akageuka ubavu, akapiga hatua moja ya pembeni, akapita. Akaenda kwenye bomba akalifungua, akalisikiliza, akalifunga. Akarudi. Mlango wa chumba cha kulala, akageuka ubavu, akapita. Bafuni, ubavu. Alikuwa anapita milango mipana ya watu kama mtu anayepita katikati ya harusi ya wenyewe akiomba radhi. Nikataka kucheka na nikakaa chini, sakafuni, kwa sababu viti hakuna.

Aliyemfundisha ni nani? Hakuna. Tangu mchezo uanze kufanya kazi, nikienda kibandani laptopu humwachia yeye. Bwana Washa-Zima alikuja siku moja kwa kisingizio cha kuangalia waya, akaipanga hivi kwamba ukiiwasha tu, mchezo unafunguka wenyewe. Hakuna cha kubofya, hakuna cha amri. Kuwasha na kuzima, dawa zake zote mbili, na Mama hahitaji ya tatu. Akacheza peke yake mchana kutwa. Na kwa kuwa hakuwepo wa kumvusha milangoni, akatafuta njia, akakuta kwamba mwili niliompa ukigeuka ubavu, unapenya. Mbele yangu aliendelea kukwama.

Nikamuuliza kwa nini. Hapo alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumbani, akatanua viwiko vyote viwili, akapapasa fremu huku na huku, akatikisa kichwa. Akasema mlango huu ni mpana kuliko ule niliomshonea, na fundi ninayejiita fundi nisingekosea vipimo siku zote hizi pasipo kujua. Nikasema Mama. Akasema ninyamaze, anaongea. Akasema nilipokuwa nikikaa nyuma yake, kile kiti changu kilikuwa kikilia bila kupumzika, nyi, nyi, nyi, kwa sababu sijui kukaa. Lakini kila alipokwama mlangoni, kiti kilinyamaza. Alikwama mara ya kwanza, kikanyamaza. Mara ya pili, kikanyamaza. Basi akawa anakwama makusudi, ahakikishe. Alisema miaka yote ya ubao wa simu ilimfundisha kusikiliza mahali mtu anapoacha kuhangaika, maana ndipo alipoficha kitu.

Akasema pia kwamba bibi wa jukwaani ana sauti nzuri lakini anaongea kwa nguvu mno kwa mtu anayetaka siri, na kibanda changu kimepakana na ua wetu, ukuta wake bati. Alinisikia nikimkataa mara zote tatu. Akasema hakuwahi kunihitaji ila milangoni, na milango yenyewe nimeitengeneza mimi.

Hakukasirika. Ningefurahi kama angekasirika. Alinyoosha mkono akapata kichwa changu pale chini nilipokaa, akakigonga kwa ufunguo kidogo kama mtu anayegonga mlango, akaniambia niinuke, sakafu ina baridi.

Jana nimerekebisha kuta zote. Nilizipunguza ukingo wake mmoja mmoja, nikamwita ajaribu. Amelalamika. Anasema sasa milango imekuwa mikubwa kama ya ghala, ameshazoea kupita kwa adabu. Na kule kwenye fleti ya kweli bado anageuka ubavu. Nadhani ataendelea hivyo siku zote, na kila mgeni atamshangaa, na hakuna atakayejua kwamba ni mshono wangu ule umebaki mwilini mwake.

Kwa hiyo, Dada, ombi langu, na ni la Mama kuliko langu. Tutahama Jumamosi, na usimchukue. Anaiweza. Binti wa msimamizi wa jengo anakaa chini yake na ameahidi kupanda kumwona kila jioni, na Mama ameshamwambia apande kwa kelele ili asionekane kama anapeleleza. Kama unaniona sistahili kuaminiwa kwa neno langu, na una haki, njoo umwone mwenyewe. Mama anasema safari usiifute. Gharama imeshalipwa na anatamani kukufungulia mlango wake mpya kwa mkono wake. Na ile nafasi ya pili ya kurudi, anasema usiirudishe. Kuna mtu wa kuichukua, ila siyo yeye. Ameshamwambia Bwana Washa-Zima amtafutie namba ya yule bibi wa jukwaani, amempigia, wameongea kwa muda ambao mimi sikuruhusiwa kuwa chumbani.

Bado naogopa. Nimeandika hayo, nikaenda mlangoni, nikarudi. Ila cherehani yangu nimeitia mafuta na nimeifunga kwa shuka, kwa hiyo sijui mwili wangu unajua nini ambacho kichwa hakijakubali. Ukiwa na pembe yoyote ya chumba ambayo watoto hawajaijaza, nitaomba unisogezee. Nitakushonea mapazia, na nitakata kwa kipimo.

Wape wote salamu zangu, mmoja mmoja, pamoja na Shemeji, ambaye koti lake nitakuja nalo mwenyewe. Mgongo uangalie. Hapa nafikia mwisho, na kutia sahihi nikiwa nimesimama si heshima, kwa hivyo nimekivuta kile kiti kilichobaki, nimekaa.

Kimelia. Na Mama, kutoka jikoni, na sikumwambia chochote kuhusu barua, amesema basi na yeye anakusalimu, na niandike kwamba anakungoja mlangoni.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Pia

(bado nazunguka)